Kupaka rangi na kubadilisha vigari vya jeshi vya kuchezea mezani: mwongozo kamili, na vifaa vya Lubumbashi

Ukichukua rangi ileile ya tanki la kweli ukaipaka juu ya kigari cha sentimita saba, utapata kitu cheusi kisicho na umbo, na mtu aliyesimama upande mwingine wa meza hatajua kama ni tanki ao ni kipande cha makala ya kupikia. Njo shida ya kazi hii yote. Kigari ni kidogo, taa inayokipiga ni ya nyumbani, vivuli vyake haviwezi kuonekana vyenyewe, kwa hiyo vivuli utavipaka wewe, mwangaza utaupaka wewe, na rangi ya msingi utaifanya iwe nyepesi kuliko ya kweli. Kama unataka kitu cha kuweka mu kabati la vioo na kuhesabu bulo moja moja, nenda na 1/35 (kigari kidogo mara 35 kuliko gari la kweli). Hapa tunaongea vigari vya kucheza, vinavyoshikwa na mikono yenye jasho, vinavyoanguka, vinavyobebwa mu sakosi juu ya pikipiki.

Chagua ukubwa kwanza

Mu michezo ya vita vya kisasa wengi wanatumia 1/100 (wanaita milimita 15), 1/72, na 1/56 ambayo inaenda na askari wa milimita 28. Hesabu yake haina uchawi: bodi ya T-72 bila mtutu ina karibu mita 6.95, ukigawa kwa 100 unapata sentimita 7, kwa 72 unapata 9.6 hivi, kwa 56 unapata 12.4. Chagua moja ubaki nayo, juu ukichanganya 1/72 na 1/56 mezani hata rangi ikiwa muzuri namna gani jicho litakataa.

Kwa mtu wa L'shi (Lubumbashi) anayeanza, mimi nashauri asianze na tanki. Anza na Land Cruiser ya seri 79, ile ile unayoiona kila siku barabarani, maana unajua vizuri inavyochafuka na inavyobonyea. Na mu mchezo si gari la aibu hata kidogo: mwaka 1987 jeshi la Tchad liliwafukuza Walibya na matanki yao kwa kutumia pikap za Toyota zenye makombora ya MILAN, mpaka vita vile watu wakaviita vita vya Toyota. Ile ya kweli ina urefu wa mita 5.2 hivi, kwa hiyo ingia soko na rula mu mfuko, pima vigari vya plastiki vya China: kikiwa na sentimita 9 na kidogo, kinaenda na 1/56, kikiwa na 7 na kidogo, ni cha 1/72. Muuzaji atakucheka kidogo, si kitu. Angalia tu plastiki isiwe ile laini ya kujikunja kama mpira, juu plastiki ile ukiipulizia rangi ya bombe inaweza kubaki inanata miezi na miezi, haikauki.

Vifaa, bila kuharibu franga

Rangi za wachoraji wa vigari, kama Vallejo ao Tamiya, wengi wanaletewa na mtu anayetoka Johannesburg, zinaingia na mizigo ya mpaka wa Kasumbalesa. Kama ndugu anakuja kwa ndege mwambie abebe zile chupa ndogo za akriliki ya maji, lakini bombe za rangi asithubutu, ndege hairuhusu bombe za rangi zinazoshika moto. Bila rangi zile bado unaweza kazi: chupa ao tyubu za akriliki za papeteri zinatosha, mradi ziwe zimesagwa laini. Nyeusi, nyeupe, okre ya njano, kahawia ya giza, nyekundu ya udongo, kijani moja, basi. Okre na nyeusi ukichanganya inatoka kijani ya zeituni ya jeshi, watu hawaamini mpaka waone. Nyeupe na okre na tone la kahawia inatoka rangi ya jangwa.

Mengine: kateri yenye wembe mpya, msasa wa 400 na wa 800, supa glu, kole nyeupe ya mbao, mastiki ya epoksi ya kinkayeri (ile ya vipande viwili unakanda pamoja), pinso tatu, moja namba 2 yenye ncha nzuri, moja bapa, na moja kuukuu iliyoharibika ya kazi chafu. Pinso nzuri moja inashinda kumi mbaya, hapo usibane mfuko. Erografu (kidude cha kupuliza rangi kwa hewa) kama unayo, muzuri, lakini kompresa inataka umeme na umeme wetu unajulikana, kwa hiyo mwongozo huu naandika kwa mtu wa pinso na bombe.

Nyaya ndogo za shaba usinunue. Pita kwa papa anayefanya bobinaji ya mota, umsalimie, umwombe mabaki. Atakupa mafungu ya unene mbalimbali na pengine atataka kujua unafanya nini nayo, mueleze tu, mu mji huu kila mtoto amewahi kutengeneza gari la waya, ataelewa haraka kuliko unavyofikiri.

Kuosha na kusafisha

Osha vipande vyote na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua na mswaki wa zamani, acha vikauke. Mafuta ya kiwandani yanabaki juu ya plastiki na yanafukuza rangi. Kama kigari kina sehemu za kung'aa kama kromu, zitie mu javel, kromu inatoka yenyewe. Vya rezini vilivyochapwa na printa vinaoshwa na alkoli halafu vinaanikwa mu jua mpaka viwe vigumu kabisa, na ukivipiga msasa fanya na maji na uvae maski, vumbi la rezini si la kuvuta.

Ile mistari ya mchongo wa kiwanda, pale nusu mbili za kalibu zinakutana, ikwangue na mgongo wa wembe, usikate, kwangua tu. Mstari mmoja ukibaki juu ya mtutu, wakati wa kupitisha pinso kavu (yenye rangi kidogo sana, ya kugusa pembe) utaonekana mweupe kabisa na hautakuwa na dawa tena.

Kubadilisha, hapa njo utamu

Tuanze na pikap yetu. Ng'oa viti vya nyuma kama vipo, sawazisha kitanda cha nyuma na kipande cha kadi ya plastiki. Kadi za benki zilizokufa na zile kadi zinazoshika sim ni plastiki nzuri sana, unene wake hauzidi milimita moja, unakwaruza na wembe mara mbili tatu halafu unakunja, inakatika sawasawa. Nyingi ni PVC kwa hiyo tumia supa glu, kole ya vigari vya plastiki haitashika.

Bunduki kubwa ya juu, tuseme DShK ya 12.7. Ya kweli ina urefu wa mita 1.6 hivi na mtutu wake pekee mita 1.07. Kwa 1/56 jumla inakuwa milimita 29, mtutu 19. Chukua waya wa shaba wa milimita 0.7, unyooshe kwa kuuviringisha chini ya rula juu ya meza, ukate milimita 19. Waya wa mota umepakwa verni yake, kwa hiyo usugue kidogo na msasa kabla ya kole, la sivyo unateleza. Sanduku la bunduki ni kipande cha kadi mbili ziligandishwa pamoja, mguu ni kipande cha mrija wa biki, na sanduku la risasi ni mastiki iliyokatwa pembe nne ikishakauka nusu. Mguu usiishie kugandishwa juu ya sakafu tu, toboa tundu, ingiza waya mpaka chini, gandisha. Mezani watu wanashika gari kwa bunduki, sijui kwa nini, lakini wanashika.

Kwa tanki, mtutu wa plastiki uliovunjika ao kupinda unautoboa pande zote mbili na kuweka msumari wa waya wa shaba wa 0.5 ndani. Kamba za kukokota: chukua nyuzi tatu nyembamba za shaba, funga ncha moja mu mashine ya kutobolea, ncha nyingine shika na koleo, zungusha polepole, unapata kamba ya chuma iliyosukwa ambayo hakuna plastiki ya kiwanda inaifikia.

Tangu vita vya Ukraine vya 2022 matanki mengi yanaonekana na vizimba juu ya tureli (kile kichwa cha tanki kinachozunguka) kwa ajili ya drone. Ni kazi rahisi na inabadilisha sura yote: grilaji ya chuma ya kuzuia mbu, mabaki tu ya dirisha la mtu, ikate na mkasi wa zamani, simamisha juu ya nguzo nne za waya, usiifanye nyoofu sana. Vizimba vya kweli vinachomewa na mafundi haraka haraka, kwa hiyo kimoja kikiinama upande ni sawa kabisa.

Mizigo njo inafanya gari lionekane lina watu. Turubai: chukua karatasi ya mfuko wa chai uliokauka, ichovye mu kole nyeupe yenye maji, ikunje, ilaze juu ya gari, isukume na pinso ifuate maumbo ya chini, ikikauka inakuwa ngumu na mikunjo yake ni ya kweli. Magunia ni mastiki, ukiwa bado unakanda piga kidogo na kitambaa kipate alama ya nyuzi. Bidon ya lita 20 kwa 1/56 ni urefu wa milimita 7 hivi, kipande cha plastiki kilichokatwa mabega na mkono wa waya mwembamba, na ile ya njano ukiiweka moja tu nyuma ya gari la kijani, jicho linaenda pale moja kwa moja. Moja, mbili mwisho. Matela yaliyokunjwa, gunia la makala, sufuria, vyote vinaruhusiwa, lakini kila kitu kifungwe na uzi. Mzigo usiofungwa unaonekana umewekwa na mtoto.

Tureli usigandishe. Spika za ekuta zilizokufa zina kisumaku kidogo chenye nguvu, kimoja mu tureli kimoja mu bodi, lakini kabla ya kole jaribu upande gani unavuta na upige alama na biki, juu supa glu haisubiri mtu afikirie.

Magurudumu na minyororo, kama inaweza kutoka, paka pembeni.

Apre

Apre ni rangi ya kwanza ya kushikilia zingine. Bombe za kinkayeri ziko za aina nyingi na zingine zina solva kali inayokula plastiki, kwa hiyo pulizia kwanza juu ya kipande cha fremu kinachotupwa, ngojea, kikibaki kigumu na laini endelea. Tikisa bombe dakika mbili nzima baada ya kusikia kile kidude cha ndani kinagonga. Simama sentimita 20 mpaka 25, anza kupuliza nje ya kigari, pita, maliza nje ya kigari. Pita mara nyingi nyembamba. Ukitaka kufunika yote mara moja utajaza mistari yote midogo uliyolipia.

Mwezi wa sita na wa saba mu L'shi shida ni vumbi, mwagia maji fasi unapopulizia kabla hujaanza. Mwezi wa pili shida ni mvua: hewa ikiwa na unyevu mwingi verni ya mati (isiyong'aa) inaweza kukauka na ukungu mweupe, kwa hiyo ngojea jua litoke, ao paka verni na pinso. Mwezi wa kumi joto ni kali na rangi inakauka hewani kabla haijafika, unapata ngozi ya mchanga. Asubuhi, basi.

Puliza kahawia ya giza ao nyeusi pande zote, halafu kijivu nyepesi toka juu tu, kama jua la saa sita. Ukimaliza utaona wapi kivuli wapi mwangaza, na hiyo njo ramani yako ya kazi inayofuata.

Rangi ya msingi

Changanya rangi na maji mpaka iwe kama maziwa, paka mkono wa kwanza, hautafunika, usiogope, acha ukauke, paka wa pili. Mikono miwili mitatu myembamba. Halafu ongeza mwangaza kwenye rangi ileile na upake tu sehemu zinazotazama juu: paa, boneti, mifuniko, mabega ya tureli. Usitumie nyeupe tupu kuongeza mwangaza kwenye kijani, inakuwa kama chaki, tumia okre ao rangi ya mchanga. Mimi napenda tofauti iwe kubwa mpaka ukiiona karibu useme imezidi. Iweke mezani, rudi nyuma mita moja, utaona imekaa. Maji ya rangi (rangi ya giza yenye maji mengi) na vumbi vitakavyokuja vitairudisha chini tena, kwa hiyo anza juu.

Kama unapaka gari la Wajerumani la kisasa, ile kamuflaji ya rangi tatu ya NATO, namba zake za RAL (orodha ya Kijerumani ya rangi) zinajulikana: kijani 6031, kahawia 8027, nyeusi 9021. Kitabu cha kawaida cha RAL cha wale wanaochanganya rangi za magari mu mji hakina namba hizi za jeshi, na rangi yao usiinunue kwa plastiki, solva yake ni ya bati. Changanya ya kwako, nyepesi zaidi. Ile nyeusi fanya kijivu cha giza sana chenye okre kidogo. Baada ya apre, nyeusi tupu usiitumie kwa nyuso kubwa, hata mu matairi.

Mabaka ya kamuflaji chora kwanza na penseli. Yavuke pembe, yashuke toka tureli mpaka ubavuni, makubwa na madogo, yasifanane. Kwa 1/100 mpaka mkali wa pinso unakaa vizuri kabisa. Kwa 1/56 ukitaka mpaka mlaini kidogo gusagusa na kipande cha sponji badala ya kuvuta pinso. Halafu mwangaza tena, rangi kwa rangi, hapa watu wengi wanachoka na kuruka, na inaonekana.

Kuko njia nyingine ya kufanya rangi moja isichoshe: vitone vidogo vya rangi ya mafuta, njano, bluu, nyeupe, kahawia, unavitawanya juu ya ubavu, halafu na pinso bapa yenye waiti spiriti kidogo sana unavivuta kwenda chini mpaka vikaribie kupotea. Kila paneli inabaki na rangi yake kidogo. Lakini funika rangi ya chini na verni kwanza. Na mtu wa mji huu asione vitone ni kazi ya kitoto: mu ile atelye ya wachoraji ya Hangar iliyofunguliwa hapa mwaka 1946, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walijaza kazi zao na nukta na mistari midogo midogo, na Bela alikuwa anapaka kwa vidole. Uso mkubwa mtupu unajazwa hivyo.

Nyeupe ya UN

Wengi hapa wanataka kupaka magari ya MONUSCO, nyeupe na herufi UN nyeusi, na ni rangi ngumu kuliko zote. Usianze na nyeusi. Apre ya kijivu nyepesi, halafu kijivu nyepesi zaidi yenye tone la okre, halafu nyeupe juu ya sehemu za juu peke yake. Nyeupe tupu iwe kidogo, ya pembe tu. Maji ya rangi usiyamwage juu ya gari zima, utapata gari la rangi ya chai, tumia pinso nyembamba na uyaweke mu mistari tu. Na vumbi letu jekundu juu ya nyeupe linapiga kelele, kwa hiyo nusu ya kile unachofikiri inatosha.

Herufi na namba

Kabla ya dekali (herufi na alama za kubandika) weka verni ya kung'aa fasi ile. Dekali juu ya uso wa mati inaacha hewa chini yake na inang'aa pembeni, watu wanaiona toka mbali. Kama huna dekali, namba tatu nyeupe za tureli za Kisovieti unaweza kuandika kwa mkono na pinso namba 0, kijivu kwanza, nyeupe juu. Ile alama ya V iliyogeuzwa ya vita vya Ghuba vya 1991 ni rahisi zaidi: vipande viwili vya skochi vilivyokatwa na wembe, gusa na sponji katikati, toa. Usipake namba kamili kabisa mpaka pembe zote, ya kweli imekwaruzwa.

Maji ya rangi na mikwaruzo

Kahawia ya giza, maji mengi, tone la sabuni ya vyombo ili yaingie mu mistari badala ya kukaa kama machozi. Gusa tu kando ya mfuniko, kando ya bulo, kando ya mlango, yatajikimbilia yenyewe. Kilichotoka nje futa na pinso yenye unyevu kabla hakijakauka. Fanya ubavu mmoja umalize ndipo uende mwingine.

Kisha pinso kavu: ile pinso kuukuu, rangi ya mchanga nyepesi, futa kwenye karatasi mpaka ufikiri imeisha, pitisha juu ya pembe. Ikiacha mistari bado ina rangi nyingi.

Mikwaruzo ya rangi iliyobanduka fanya na kipande cha sponji, kahawia ya giza, gusa pembe za milango na ngazi. Hapa jizuie. Doa la milimita 2 kwa 1/72 ni tundu la rangi la sentimita 14 kwa gari la kweli, na magari ya kisasa hayabanduki hivyo. Kutu weka kwenye ekzosi, kwenye minyororo na kwenye vyuma vilivyo wazi, si mlangoni.

Udongo mwekundu

Usikimbie hapa, maana tunao udongo ambao watu wa nchi zingine wanaununua mu vichupa. Ila udongo wa kuokota hauingii moja kwa moja. Chembe ya nusu milimita kwa 1/72 ni jiwe la sentimita 3.6, kwa hiyo boneti yako inakuwa imejaa mawe. Kausha udongo mu kikaango cha zamani, si kile cha mama tafadhali, saga na chupa, chuja na kitambaa cha soksi ya mwanamke mara mbili, ule unaobaki mu kitambaa ni wa kufanya ardhi ya besi (kibao cha chini ya kigari), ule unga uliopita njo vumbi lako. Fanya vichupa vitatu: mwekundu kama ulivyo, mwekundu uliochanganywa na unga wa plasta ili uwe mwepesi, na mwingine wenye makala kidogo iliyosagwa, wa giza.

Kabla ya kupaka, nenda usimame kidogo njia ya Kasumbalesa ao ya Likasi uangalie makamyo yanayoingia. Makamyo ya mizigo, sikiliza vizuri. Gari la askari usilielekezee simu, hapa foto ya mambo ya jeshi inakuletea matatizo na kueleza kwamba ni ya kupaka kigari haitakusaidia. Angalia vumbi linakaa wapi. Nyuma ya kila gurudumu linapanda kama upepo, mbele ya gurudumu kidogo tu. Mlango wa nyuma umefunikwa wote kwa sababu gari linavuta vumbi lake lenyewe nyuma, isipokuwa fasi mikono inaposhika, pale kunang'aa. Kioo cha mbele kina ile nusu duara ya waipa, safi ndani, nyekundu nje. Tairi: ubavu wake ni mwekundu, lakini sehemu inayokanyaga barabara ni ya giza, imesuguliwa. Juu ya boneti vumbi liko mu mitaro, katikati joto na upepo vimelipunguza. Kitu ukishakiona hivyo mara moja, mkono unajua wenyewe wapi pa kuweka.

Vumbi kavu: chukua na pinso laini, weka fasi zile, gusa na pinso nyingine yenye alkoli, inasambaa yenyewe, ikikauka imeshika kiasi. Kilichozidi futa kwenda chini, kila mara kwenda chini, kama maji ya mvua. Matope: udongo uliochujwa, plasta kidogo, kole nyeupe, maji, mchanganyiko mzito. Chukua na pinso kuukuu, pigapiga nywele zake na kidole karibu na sehemu za chini za gari, yanaruka matone. Jaribu kwanza juu ya karatasi ujue yanaruka wapi. Matope mabichi ni ya giza na yanang'aa, ya jana ni mepesi na ya mati, kwa hiyo weka ya giza karibu na ardhi na mepesi juu yake, tone la verni ya kung'aa juu ya yale mabichi linamaliza. Gari lote likiwa na tope la aina moja linaonekana limechovywa mu ndoo.

Kioo cha mbele: kata nusu duara ya skochi, bandika juu ya kioo, vumbi, toa skochi. Kazi ya dakika mbili na watu watakuuliza juu ya hiyo peke yake. Supa glu usiisogeze karibu na kioo, moshi wake unakifanya cheupe, kole nyeupe inatosha.

Verni ya mwisho

Kigari cha kucheza kinahitaji verni mbili, ya kung'aa kwanza kwa nguvu, ya mati juu yake kwa sura. Tatizo: verni inameza vumbi, nusu ya ulichoweka inapotea na nyingine inakuwa giza. Kwa hiyo ama uweke vumbi kupita kiasi kabla, ama uweke verni kwanza na vumbi jepesi mwisho kabisa mu fasi ambazo vidole haviendi, chini na nyuma. Mimi nafanya yote mawili. Vioo vya periskopu, taa, na lenzi za kulengea paka mwisho, nyeusi, kijani ao bluu ya giza upande wa chini, tone la verni ya kung'aa juu.

Antena usifanye ya waya, itamchoma mtu jicho ao itapinda siku ya kwanza. Unywele mmoja wa ufagio wa plastiki unajikunja na kurudi.

Kusafirisha: kopo la chuma la maziwa ya unga ao la biskuti, sumaku chini ya besi ya kila kigari, vinashika vyenyewe hata pikipiki ikipita mu mashimo. Sponji ya matela iwe pembeni tu, isiguse gari, juu inakula vumbi uliloweka. Na kichupa cha rangi ya msingi uliyochanganya mwenyewe kiandike jina na ukitunze mu kopo lilelile, maana pembe ya boneti itakwaruzwa tu, na rangi ileile hutaipata tena kwa kuchanganya upya.